Mlango wa Mama Mkwe

Nyumba ya Masindi ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango wa pili. Mume wangu alikwenda kuiona Jumamosi, akarudi Jumapili jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye baraza yetu ya Kawempe, hapo Kampala, na kunieleza: vyumba vitatu, bati zima, mpera nyuma ya nyumba, kisima si mbali, na sokoni chumvi inauzwa waziwazi, imefungwa kwenye majani ya migomba, bila foleni na bila kumjua mtu. Nikamuuliza milango ni mingapi. Akaanza kufungua kamba za viatu. Hapo nikajua ni mmoja.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Lakini mume wangu alikuwa Muganda, tena Muganda aliyelelewa na bibi yake, na mimi nilikuwa na mama. Kwa Waganda, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawali sahani moja, hawapishani mlangoni wala hawatazamani usoni. Anayevunja mwiko huo anapatwa na buko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Watu wa mjini waliyacheka mambo hayo, lakini mume wangu alikuwa seremala, na seremala mwenye mikono ya kutetemeka ni mtu anayengoja kujikata vidole. Hakutaka kujaribu.

Mama yeye alikuwa Mnubi, mjane wa askari wa jeshi la Mwingereza, na kwetu mkwe ni mwanao: unampikia, unamtania, unamfokea akistahili. Buko ilimchekesha. Ila alimpenda mkwewe, akasema kama yeye anajificha kwa heshima, basi naye atajificha kwa heshima. Kampala iliwarahisishia. Mama alikaa kwake upande ule wa barabara, sisi kwetu upande huu, na katikati palikuwa na kuku.

Kuku huyo alikuwa wa mama, jike la madoadoa, mzee, hatagi tena, na hakuna mtu mtaani aliyekuwa na habari nyingi kama yeye. Mama akitaka kumwambia mkwewe jambo, alisimama kwake, akamtazama kuku na kusema kwa sauti ya kuvuka barabara: "Kuku, mwambie huyo bwana nguo iko kwa kamba na mvua inakuja." Mume wangu, macho chini, alijibu, akimwita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda, kama bwana anavyoitwa sebo: "Kuku, mwambie nyabo asante." Kuku akiwa hayupo, ujumbe ulipitia kwangu, na mimi sikuwa mwaminifu kama kuku. Nilikuwa natia chumvi, na chumvi ya namna hiyo haikuwahi kuadimika kwetu hata miaka ile ya utawala wa jeshi na uhaba.

Sababu ya kufikiria Masindi haikuwa mpera. Mume wangu alifundisha useremala chuo cha Kyambogo, na ufundishaji wenyewe ulikuwa umebaki jina. Misumari hakuna, gundi hakuna. Wanafunzi walitengeneza kigoda, kikapewa maksi, kisha kikavunjwa ili misumari inyooshwe itengeneze kigoda kingine. Hayo aliyavumilia, tena akiyasimulia alicheka mpaka machozi, kwa maana alikuwa mtu wa kucheka, kicheko kikubwa cha kuamsha watoto wa jirani. Kisha mwalimu mwenzake, aliyependa kucheka kama yeye, aliitwa nje na watu wawili wakati wa chai, akaacha koti lake limetundikwa msumarini. Koti likakaa pale wiki baada ya wiki. Hakuna aliyethubutu kuliondoa, wala aliyethubutu kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Mume wangu akaacha kucheka. Alirudi nyumbani, akala, akalala, habari zake zote kifuani. Mimi niliolewa na kile kicheko, jamani. Bila hicho nilikuwa nakaa na mgeni mpole. Basi rafiki yake alipomwambia kwamba shule ndogo ya ufundi kule Masindi inatafuta mwalimu, hakungoja hata tuzungumze vizuri. Alikwenda kuona nyumba.

Mimi nilibisha. Kubisha ni tabia yangu, lakini safari hii nilikuwa na hoja. Nilikuwa fundi cherehani, na serikali ilikuwa imenipa kazi bila kujua. Ilipopiga marufuku sketi fupi, wasichana wa mjini walinijia mbio, kila mmoja na sketi yake na kipande cha pazia, niwarefushie. Nilirefusha mpaka usingizini.

"Masindi wanawake wanavaa mpaka chini tangu zamani," nilimwambia. "Nitamrefushia nani, sebo?"

"Utawafupishia siku sheria ikibadilika," akasema. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwa muda mrefu, lakini yeye mwenyewe hakuucheka.

Hoja ya cherehani niliitanguliza tu. Hoja yenyewe ilikuwa upande wa pili wa barabara. Nilikuwa mtoto pekee aliyebaki kwa mama, na sikuwa tayari kumwacha na magoti yake mabovu, foleni za sukari, na kuku wa kuzungumza naye. Na mama alikuwa amekwisha kusema hahami.

"Mimi jeshi ilinihamisha mpaka nikachoka," alisema. "Jinja, Nanyuki, Gulu, tena Jinja. Leo unapika, kesho unapakia. Sasa nimekaa. Nyinyi muende."

Nikamwambia hatuendi bila yeye. Akaniuliza kama nataka mume wangu atetemeke. Nikamwambia nyumba ni kubwa.

"Mlango moja," akasema, akarudi kuchambua maharage yake. Habari za mlango zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani, labda kuku. Basi tukawa hivyo: mume wangu hawezi kubaki, mama hataki kwenda, na mimi siwezi kugawanyika.

Mambo yangekaa vile vile kama si chakula cha njia. Mtaa wetu ulikuwa na wanawake wengi waliotoka layini, yaani wake na wajane wa askari waliowahi kuishi kambini, nao walikuwa na desturi zao. Familia ikipata uhamisho, majirani huwapikia chakula cha njia: kuku, mikate myembamba ya kisra, na mandazi kama sukari imepatikana. Sheria yake ni moja. Aliyekula chakula cha njia amekwisha kuondoka. Hafungui mzigo, hapandi mboga, haazimi ungo, kwa kuwa hayupo. Na asiyekwenda hakigusi hata kwa ncha ya kidole. Ndiyo maana mwenye akili hali mpaka lori liwe mlangoni.

Mume wangu alikuwa na akili, ila hakuwa mtu wa layini. Alimuuliza mwenye lori mmoja hali ya barabara ya Masindi, swali tu la mtu anayefikiria, na habari ikafika mtaani kabla yake. Siku iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ya sabuni. Yeye akarudi kutoka Kyambogo kwa miguu, kwa kuwa petroli haikuwepo, njaa imemshika, akakuta mezani sinia lililofunikwa kwa kawa la rangi. Akala. Alipotoka nje kunawa, mama alikuwa amesimama kwake, mikono kiunoni.

"Kuku," mama akasema, "mwambie huyo bwana amekwisha kula Masindi."

Nilipofika na kipande changu cha sabuni nilikuta mume wangu ameondoka. Ameondoka huku amekaa kwenye baraza anajifuta mdomo. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akaniuliza kwa upole kama ningependa aitapike hiyo Masindi.

Kuanzia siku hiyo maisha yetu yakawa kituko. "Bado mpo?" ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi. Nilipochimba tuta la mchicha, jirani alikuja akanichukulia jembe. Nikaenda kugombana na mwuza mkaa aliyenipa magunzi chini ya gunia, akakataa kunijibu. Alisema hagombani na watu waliokwisha kuondoka. Hilo liliniuma kuliko yote, maana miaka ile starehe zilikuwa chache na kugombana kulikuwa mojawapo.

Mume wangu alikuwa kimya kuliko kawaida, nikadhani ni aibu. Kumbe alikuwa anapima mbao. Jioni moja akaniambia kesho yake nimfuate Kyambogo nimsaidie kubeba kitu, na nilipofika karakana nikakuta mlango. Alikuwa ameuunda kwa mbao za kreti kubwa lililoleta mashine ambazo hazikuwahi kuwashwa, na ambalo mkuu wake alimruhusu kulichukua kwa sababu lilikuwa limebaki kulaliwa na mbuzi. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Aliziunga mbao zote kwa vigingi vya mti. Kwa chini maandishi ya kreti yalikuwa kichwa chini miguu juu, yakisema upande huu ndio uwe juu.

"Huu wa nini?" nikauliza.

"Wa Masindi. Ukuta wa nyuma, kwenye mpera. Nitatoboa pale," akasema. "Nyabo atakuwa na chumba chake na mlango wake. Atatokea kwake, mimi nitatokea kwangu, na kati yetu utakuwa ukuta."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya wanafunzi wake. Badala yake nikamwambia komeo limekaa upande.

Hakuna teksi iliyokubali kutuchukua na mlango, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, mlango vichwani, tukiwa kama siafu wawili wenye panzi. Tulisalimiwa sana. Tulipokaribia Wandegeya tukakuta kizuizi: mapipa mawili, gogo, na askari watatu kivulini. Mmoja, mrefu, aliyekuwa anakula muwa, akatuita kwa kidole.

"Simamisha hapa."

Tukausimamisha mlango katikati ya barabara, kila mmoja ameshika upande wake.

"Hii mlango mmeiba wapi?"

"Sijaiba, afande," mume wangu akasema. "Nimetengeneza mimi mwenyewe. Napeleka Kawempe, halafu Masindi."

"Masindi hakuna mlango?"

"Iko moja, afande. Hii ni ya mama mkwe."

Askari akaacha kutafuna. Akamtazama mume wangu, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Wewe Muganda?"

"Ndiyo, afande."

"Na mama mkwe?"

"Mnubi, afande," nikadakia mimi. "Mjane wa askari."

Akawageukia wenzake akawaambia jambo kwa lugha yao ya kaskazini, nao wakacheka hadi mmoja akakaa chini kwenye gogo. Mimi nikacheka kidogo, kwa adabu. Mume wangu hakucheka. Niliuona mshipa wa shingo yake, na nilijua anafikiria lile koti.

"Haya," yule mrefu akasema, "mimi sasa ni mama mkwe." Akaninyooshea muwa nimshikie, akazunguka upande wa pili wa mlango, akakohoa kizee, akagonga. "Hodi."

Mume wangu akaubana mlango kwa mikono miwili. Baadaye aliniambia alikuwa anajiuliza ni kosa gani kubwa zaidi, kumwitikia askari kama mama mkwe au kutomwitikia. Nikamkanyaga mguu.

"Karibu, nyabo," akasema, na kichwa chake kikainama chenyewe, kwa mazoea.

Wale wawili wakapiga makofi. Yule mrefu akarudi upande wetu, akaupapasa mlango kwenye maungio, na uso wake ukawa wa mtu mwingine kabisa. "Mimi mkwe wangu iko nyumbani kule," akasema. "Tangu nilipe ng'ombe sijamwona tena. Yeye atasema nimekufa." Akachukua muwa wake mkononi mwangu. "Mwambie mama, hata askari amepita hii mlango, iko sawa. Sasa muende haraka, mkubwa yetu anakuja."

Tulikwenda haraka. Tulipokata kona niliona mabega ya mume wangu yanatikisika mbele yangu chini ya mlango. Sikujua kama anacheka au analia, na sikumuuliza.

Kawempe tuliuegemeza mlango kwenye ukuta wa mama, mume wangu akavuka barabara haraka na kusimama kwetu, ametazama mawinguni. Mama akatoka. Aliuzunguka. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapitisha kiganja ubavuni mwake.

"Kuku," akasema, "hii mlango ni ya nani?"

"Kuku," mume wangu akajibu, "mwambie ni wa mtu atakayependa kutoka nje bila kukutana na mtu."

Mama akaupapasa tena mlango, taratibu, hata kuku mwenyewe akaenda zake, ikabidi mama amalizie bila kumtazama mtu. "Mwambie," akasema, "jeshi ilinipa nyumba mingi sana. Hata siku moja hakuna mtu aliniuliza nataka mlango wapi." Akaingia ndani akafunga.

Nilimfuata, hakunifungulia. Usiku ule nilijilaumu kwamba tumemchokoza, kwamba mlango ule umemwonyesha wazi kuwa yeye ni mzigo unaohitaji kutobolewa ukuta. Asubuhi nilivuka barabara nikakuta manyoya mlangoni kwake. Yalikuwa ya madoadoa.

Sina haya kusema nililia. Nililia kwa ajili ya kuku, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu nilielewa kwamba mama amekata mawasiliano. Amemchinjisha mjumbe, amefunga mazungumzo, hana tena la kumwambia mkwewe. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Liite lori. Twende, tutamrudia sikukuu." Akaniuliza kama ninasema kweli. Nikamwambia sijui.

Lori likaja siku ya tatu. Wanawake wa layini walikuwa wamepika tena, kwa kuwa kile chakula cha kwanza kilikuwa kimechacha kwa ngoja ngoja, walivyosema, na mara hii walikileta barazani kwa mama ili tumuage. Mume wangu alikaa kwetu na sinia lake, kama ada. Mama alikaa kwenye mkeka kati ya wenzake. Sinia likawekwa, na juu ya kisra akawekwa kuku wake mwenyewe, aliyemchinjisha, akamchemsha mchuzi kwa siku mbili ili alainike. Nikatafuta firigisi nimpelekee mume wangu, kwa kuwa kwa Waganda firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke anayeipoteza ana kesi. Haikuwepo. Nilimtazama mama, yeye akatazama pembeni.

Kisha akanyoosha mkono, mbele ya wanawake wote wanaoijua sheria kuliko sheria inavyojijua, akachukua paja, akala.

Mkono wangu ulibaki hewani na kisra yake. Mama alitafuna taratibu, kwa maana kuku alikuwa mgumu, akameza, akalamba vidole.

"Unaangalia nini?" akaniambia. "Leta ile sanduku yangu. Imefungwa tangu juzi."

Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikamwangukia shingoni nikiwa na mchuzi mikononi, akanifokea kwa kumchafulia gauni la safari.

Kiti cha mbele cha lori kilikuwa kimechukuliwa na askari aliyeomba lifti, na miaka ile askari akiomba lifti hukumuuliza anashukia wapi. Ikabidi sote watatu tukae nyuma na mizigo. Tatizo likawa lile lile la buko, sasa kwenye magurudumu, na mume wangu akalitatua papo hapo: aliusimamisha mlango katikati ya lori kwa urefu, akaubana kati ya cherehani na kitanda. Mama akakaa upande mmoja, yeye upande mwingine. Mimi nikakaa juu ya gunia mwisho wa mlango, mguu mmoja huku, mmoja kule, tayari kwa kazi ya kuku.

Tukapita Bombo, tukapita Luwero. Mbele ya hapo barabara ikawa mashimo matupu. Nilikuwa nasinzia niliposikia mtu anagonga mlango.

"Hodi," mama akasema.

Mume wangu akanitazama, macho yamemtoka. Nilinyanyua mabega. Kuku hayupo, na mimi sikuwa nimetumwa.

"Karibu, nyabo," akasema, kwa sauti ndogo. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia mama moja kwa moja.

Mama akafungua kitambaa chake, akatoa kifurushi cha jani la mgomba. Nikanyoosha mkono nipokee nipitishe, kama kawaida yangu. Akaupita mkono wangu. Akainuka kwa magoti yake mabovu, akashika ukingo wa mlango, akakivusha kifurushi juu. "Shika, mwanangu," akasema. "Ya mwenye nyumba."

Ilikuwa ile firigisi.

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Niliitazama mikono hiyo kwa makini, kama mke wa seremala anavyopaswa. Ilikuwa inatetemeka, lakini barabara ile ilikuwa mbovu, na mama alikuwa anatetemeka, na cherehani, na mlango wenyewe, kwa hiyo mpaka leo hatujui. Akatia firigisi mdomoni. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani cha kuamsha watoto, mpaka yule askari wa mbele akageuka kututazama kupitia kidirisha. Mume wangu alimwona. Akaendelea kucheka.